Rupia Nilizoziosha

Kwetu karoti haiendi sokoni na udongo wake. Hilo nimelijua tangu nina miaka sita, nilipoanza kupelekwa mtoni kuzikanyaga. Unazimimina kwenye kiroba, unakifunga mdomo, unakilaza kwenye maji yanayokimbia, kisha unapanda juu yake na kukanyaga mpaka miguu ife ganzi. Zikitoka hapo zinang'aa, na mnunuzi aliyekuja na lori kutoka Dar anaacha kununa. Anayeleta karoti chafu hupewa bei ya chini, na akigeuza mgongo anasemwa. Natanguliza habari za karoti kwa sababu watu wakisikia nilichokifanya huniuliza nilikuwa nafikiri nini. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nafanya kama nilivyofundishwa.

Mama alianguka wakati wa masika, amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Nyumba yetu iko juu ya mji mdogo wa Mlalo, shamba liko juu ya nyumba, na mvua ikinyesha njia ya katikati inakuwa utelezi mtupu. Nilishamkataza mara ngapi? Mwanamke wa miaka themanini na kitu, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamchimbia kaburi. Nilimkuta amekaa kwenye matope, mzigo uko pembeni, bado umefungwa vizuri, ananiambia nitangulize majani kwanza maana ng'ombe hajala. Nikamfokea. Nilimfokea mtu aliyevunjika nyonga, Mungu anisamehe, na niliendelea kumfokea mpaka majirani walipofika na machela.

Hospitalini daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha na kunionyesha mahali mfupa ulipokatika. Alisema mfupa wa aina ile kwa umri ule hauungi kwa kulala. Ulihitaji upasuaji, awekewe chuma, kwenye hospitali kubwa huko chini, na tusichelewe. Tukichelewa hatatembea tena. Alitaka kusema jambo jingine juu ya wazee wanaolala tu kitandani, akanitazama usoni, akaacha. Tukarudi nyumbani kutafuta hela.

Tulimuuza ng'ombe, yule yule aliyekuwa hajala. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye pekee niliyebaki naye, analima mahindi Mnazi, kule chini kwenye joto, na mwaka huo jua lilikuwa limemmalizia kila kitu. Alitoa alichokuwa nacho. Shamba letu ni la ukoo, haliuzwi. Bado tulikuwa mbali na gharama za upasuaji, na ndani ya nyumba kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu chenye thamani. Kilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha mama.

Ndani ya kopo mlikuwa na rupia kumi na moja za fedha, za wakati wa Mjerumani. Upande mmoja kuna mzungu mwenye masharubu, amevaa kofia yenye ndege juu yake. Baba yake bibi alizipata kwa kuchuma kahawa kwenye shamba la wazungu, bibi akazirithi huko Mgwashi, na siku mama anaolewa bibi alimfungia zote kwenye pindo la kanga. Kwenye familia yetu mtoto akizaliwa, maji yake ya kwanza ya kuoga huwekwa rupia moja. Akishaogeshwa, rupia hiyo inakuwa yake, inarudi kwenye kopo. Tunaiita rupia ya kuogea. Mama alizaa watoto kumi na mmoja. Tuliokua ni watano, na leo tumebaki wawili.

Kila Idi, watu wakishakula, mama alitandika kanga, akamimina kopo, akazipanga rupia kwa mstari na kututaja mmoja mmoja kwa majina, wazima na waliokufa. Hakuwahi kukosea. Mimi nilikuwa naona miaka iliyochongwa kwenye kila rupia, nikaamini kwamba anazijua kwa hiyo miaka. Nilikaa na imani hiyo zaidi ya miaka arobaini, na ninajua vizuri kabisa kwamba mama hajui kusoma.

Nilianza kumwomba kwa upole, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

"Mama, tuuze zile rupia. Utapona, utatembea."

"Zile si hela," alisema.

"Ni fedha tupu, mama. Watu wanazitafuta."

"Bibi yako alikuwa anasema hela ni ile ya shaba, ya kununulia chumvi. Rupia ni rupia. Na hizi zina wenyewe."

"Basi tuuze chache tu."

Akanigeuzia uso. Kwa wiki tatu alikuwa hawezi kugeuza kitu kingine chochote.

"Haya. Utaanza na nani?"

Nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya zizi tupu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huruma. Nilikuwa namgeuza usiku na mchana, namwosha, nampaka mafuta mgongoni pale ngozi ilipoanza kufunguka, na harufu ya vile vidonda ilikuwa imeanza kunifuata hata shambani. Yeye alikuwa amelala juu ya dawa yake mwenyewe na hataki nimpe. Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, waliokufa wameshakufa," alisema. "Aliye hai ni mama. Uza."

"Uje umwambie wewe."

"Mimi nikimwambia atanifukuza. Wewe unaweza kumchukulia bila kumwambia."

Nilimtukana, nikakata simu. Lakini neno lile halikutoka kichwani. Nilibishana nalo nikipalilia, nikipika, nikiswali. Kuna siku niliazimia kabisa kwamba siwezi kumwibia mama yangu watoto wake. Siku iliyofuata nilipomgeuza alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata kwenye misiba yake yote ile, nami nikaona kwamba rupia zinamlaza mama pale kitandani na zinaniua na mimi pia. Mchana huo huo, nikiwa nimemlaza anatazama ukutani ili nimfunge kidonda, nilivuta kopo kwa mguu.

Mwalimu jirani yetu alizipiga picha kwa simu yake na kumtumia mtu wa Tanga anayenunua vitu vya kale. Jibu lilirudi hata chai haijapoa. Alisema mbili kati ya zile alikuwa anazitafuta kwa miaka mingi, na bei aliyotaja kwa zote ilinifanya nikae chini. Ingetosha. Ingemfikisha mama kwa daktari na kumrudisha nyumbani kwa miguu yake. Angekuja Lushoto mjini siku ya gulio, na mwisho wa ujumbe wake aliandika: "Zitunze vizuri mpaka nije."

Sasa mwambie mtu wa kwetu atunze kitu vizuri, uone atakachofanya. Kwetu kutunza ni kuosha. Sufuria ya jirani hairudishwi na masizi, na yai haliuzwi kabla ya kufutwa. Kumpa mtu kitu kichafu ni kumtukana, na mama ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa fimbo pale ilipobidi. Nikazitazama zile rupia. Zilikuwa nyeusi. Nyingine zilikuwa nyeusi pembeni tu, nyingine zimejaa madoa, moja ilikuwa imefubaa nusu nzima. Nikaona aibu kumpelekea mtu wa mjini uchafu kama ule.

Siku moja kabla ya gulio nilishuka nazo mtoni pamoja na kiroba cha karoti. Nilipomaliza karoti nikakaa kwenye jiwe langu la kusugulia masufuria, nikachukua majivu, mchanga laini na vipande vya ndimu, nikaanza. Nilisugua kwa nguvu zangu zote. Kila nililotaka kumwambia mama nililimalizia pale kwenye jiwe: kwa nini ulipanda shambani, kwa nini hukunisikia, kwa nini unataka kuniachia maiti ukiwa bado unapumua. Weusi ulitoka ukaenda na maji. Masharubu ya yule mzungu yalionekana unywele mmoja mmoja. Zilipotoka zote kumi na moja niliziweka juani kwenye kanga, zikang'aa hata wanawake waliokuwa wanakanyaga karoti wakaja kuzitazama. Mmoja alisema sasa hizo ndizo hela za maana. Kwa mara ya kwanza tangu masika nilicheka.

Mnunuzi alikuwa kijana mpole, ananisubiri kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni pale mjini. "Shikamoo mama," alisema, akanivutia kiti, akaniagizia soda. Nikafungua kanga mezani.

Hakugusa hata moja. Alizitazama tu, halafu akaweka miwani yake chini.

"Mama, nani amezisugua?"

"Mimi mwenyewe," nilijibu, bado najivuna. "Zilikuwa zimechakaa mno."

"Ule weusi, mama, ndio niliokuwa nanunua."

Nilidhani ananitania. Kisha nikadhani ni ujanja wa kushusha bei, nikainuka na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mpaka mhudumu akachungulia. Alinisubiri nimalize. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akanipa niangalie mwenyewe. Uso wa ile rupia aliyokuwa ameitafuta miaka mingi ulikuwa umejaa mikwaruzo ya mchanga, huku na huku, kote kote. Alisema wanaokusanya sarafu wanataka iliyozeeka yenyewe, bila mkono wa mtu, na ikishasuguliwa hakuna dawa. Alichoweza kunipa ni bei ya fedha kwa kupima, kama anavyonunua sonara. Alipoitaja nilimsikia kama mtu anayezungumza kutoka ng'ambo ya bonde. Haikufika hata robo.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungeandika tu, usizioshe."

"Samahani, mama. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuziosha."

Naye alikuwa karibu kulia, na hilo liliniudhi zaidi. Nilizifunga kwenye kanga nikarudi nyumbani.

Sikupata hata muda wa kulirudisha kopo. Nilipoingia chumbani mama alikuwa macho, jua la alasiri liko kitandani kwake.

"Lete kopo," alisema. "Nilikusikia ulipolivuta."

Alikuwa amesikia siku ile ile, akanyamaza. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa kunionea huruma au kwa kutaka kuona nitafika wapi. Nilimwekea rupia kifuani, juu ya shuka. Alichukua moja akaisogeza karibu na macho. Akaiweka, akachukua nyingine. Alizipitia zote, kisha akarudia mwanzo, taratibu, anazigeuza upande huu na upande ule.

"Hizi ni za nani?"

"Ni zetu, mama. Nimeziosha."

Hakunifokea. Ningelipa chochote anifokee.

"Yako ilikuwa na weusi uliopinda huku, kama mundu," alisema, anaonyesha kwa ukucha mahali pasipo na kitu. "Ya mdogo wako ilifubaa nusu. Ya yule wangu wa kwanza ilikuwa na doa jichoni kwa huyu mzungu, kama anafinya jicho. Mtoto mwenyewe alikuwa na kope nzito."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, na lugha zote mbili hazikunitosha. Yeye alikuwa ameshazikusanya rupia kwenye kiganja, bila mpangilio, kama unavyoshika chenji dukani. Akanirudishia.

"Kauze," alisema. "Sasa ni hela."

Nilikaa nazo siku nne. Nilizipanga kila namna, nikajaribu kukumbuka mstari wa Idi, ya kwanza, ya pili, lakini zote zilinitazama na uso ule ule. Ruhusa niliyoipigia magoti wiki zote zile ilikuwa mkononi mwangu na haikuwa na kazi. Siku ya tano nikampigia kijana wa Tanga.

Hela ile ilinunua godoro zuri, dawa za vidonda na mafuta. Vidonda vilifunga. Nilipompeleka tena mama kwa daktari, alimbonyeza mguu, akaniita nje na kuniambia muda wa ule upasuaji umepita. Mama hatatembea. Anakaa kwa mito, anapukuchua maharage kwenye ungo mapajani, na ananikosoa jinsi ninavyofunga mzigo wa kuni.

Idi ilipofika nilipika pilau, tukala. Kisha nikaona anatandika kanga juu ya miguu yake, nikageuka kutoka nje kwa sababu nisingeweza kuangalia.

"Kaa hapa," alisema.

Alianza kuhesabu kwa vidole. Kila kidole alikitaja kwa jina, taratibu, wazima na waliokufa, na hakukosea. Nilipofikiwa mimi, wa saba, alitaja jina langu kama la mtoto mwingine yeyote. Vidole viliisha, na alikuwa amebaki mmoja, mdogo wetu wa mwisho, aliyeishi siku tatu. Mama alitazama mikono yake yote miwili. Halafu akaushika mkono wangu, huo huo niliosugulia, akachagua kidole kimoja, akamtaja.