Mapacha wa Mbinguni na Mbuzi wa Lopur

Saa nne asubuhi Nyibol alikuwa kijijini Lopur, ameshika kamba ya mbuzi kwa hasira. Mbuzi mweusi, kichwa cheupe, pembe moja imepinda: ni yuleyule wa mama yake aliyepotea Jumapili! Na muda hakuwa nao. Saa kumi angeongea kwa mtandao na Élisabeth, mwalimu Mkongomani aliyeko ng'ambo, ambaye alikuwa anachagua mwanafunzi mmoja tu wa kuendelea na utafiti. Miaka mitatu Nyibol alisomea fizikia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiingoja siku hiyo.

"Huyu ni wetu," alisema.

Mama Adome, mwenye kundi, hakubisha. Alikunja sikio la mbuzi, akamwonyesha mikato miwili. "Hii alama ni ya mzee yangu. Wewe umeangalia rangi tu? Mbuzi ikikuwa mingi, kufanana lazima."

Nyibol aliachia kamba, aibu ikimchoma, akapanda bodaboda bila hata kuomba radhi. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye haraka nani amwambie? Njiani maneno ya yule mama, kwamba wakiwa wengi kufanana ni lazima, yakamkata maini.

Mashimo meusi yakigongana huko mbali angani hutoa mawimbi ya mvutano. Mara chache sana, kundi la nyota lililo njiani huyapinda, wimbi moja likatufikia mara mbili, siku tofauti, kwa umbo lilelile. Élisabeth alimpa ishara mia mbili za mawimbi hayo akadirie ngapi zina pacha. Nyibol alipata jozi ishirini, na alikuwa amekwisha kumringia mama yake.

Kwenye kituo cha masomo kambini alipiga hesabu aliyoiruka. Ishara mia mbili, ukizilinganisha zote, ni jozi karibu elfu ishirini. Zinazofanana kwa bahati tu ni moja katika kila elfu. Ishirini. Yaani jozi zake zote ni bahati tu!

Saa tisa na nusu. Umeme wa sola unayumba. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alizifuta zote ishirini.

"Uko na ngapi?" Élisabeth aliuliza.

"Sina hata moja, mwalimu."

Nyibol aliona miaka mitatu inakwenda na maji.

"Wenzako wote wamenipa mapacha," Élisabeth alisema. "Zile ishara nilizitunga mwenyewe, sikutia pacha hata mmoja. Jumatatu tunaanza na za kweli."

Nyibol alilia kwa furaha. Kesho yake alirudi Lopur na tumbaku, akaomba radhi. Mama Adome alinusa, akapiga chafya.

"Na mbuzi yenu, mmepata?"

"Bado, mama."

"Basi tafuta. Lakini sasa angalia masikio."