Adapta na Madungu ya Maparoni

Miaka ile ya soko huria kila kitu kipya kilitoka Dar, na mradi wa chanjo ulipofika Utete ulikuja na kompyuta, jenereta na mtaalamu wake. Mimi niliajiriwa kuingiza majina. Boti ya chanjo ilikwenda delta kwa kufuata orodha tuliyoichapa.

Programu ya kuchapa haikusoma hifadhidata yenyewe. Katikati palikuwa na adapta: ilipokea swali, ikaenda kuchota majibu kwenye majedwali, ikayarudisha. Mtaalamu aliiandika ichukue makazi mamoja kwa kila mtu. Sisi wa delta tuna mawili. Mpunga ukianza kuzaa, familia nzima huhamia shambani kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kuamia ndege na kufukuza nguruwe hadi mavuno. Niliingiza makazi yote mawili. Adapta ikabeba ya kwanza, ya pili ikayaacha.

Msimu wa mpunga boti ikaenda kijiji cha Maparoni, ikakuta kuku tu. Chanjo zikarudi zilivyokwenda, na surua ilishaingia kijiji cha jirani. Mtoto wa dada yangu alikuwa dunguni, hajachanjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu wetu alikuja, wenyeji wakapotea.

“Waambieni watulie majumbani,” mtaalamu akasema. “Na adapta usiiguse.”

Nilikasirika. Watulie, mpunga wawaachie nguruwe? Alipokwenda kula mchana, nikaigusa. Nilikuwa nimemtazama akiiandika, na mimi si kipofu. Katika swali lake nikaongeza mwezi: msimu wa mpunga, lete dungu, msimu ukiisha, lete nyumba. Mara ya kwanza ikanikatalia, maana nilisahau kuyaunganisha majedwali kwa namba ya mtu. Nikarekebisha. Printa ikaanza kulia, madungu yakatoka moja baada ya jingine, la dada yangu likiwemo.

Mtaalamu aliporudi akaniambia mbele ya nahodha wa boti, “Dada, rudisha ilivyokuwa. Mtu hana makazi mawili.”

“Sawa, kaka. Basi tuanze na wewe,” nikamjibu. “Nifute nyumba yako ya Dar, au chumba chako cha hapa Utete?”

Nahodha akacheka. Mtaalamu aliitazama ile orodha, kisha akasema tutaongea baadaye. Mpaka leo hatujaongea. Nahodha akaichukua karatasi, akashuka nayo mtoni.

Dada alinipasha habari baadaye kwamba mtoto alipochomwa sindano alilia hadi watu wa madungu ya jirani wakasikia. Nikamwambia, alie tu.