Kingi na Saba Mbele ya Dada

Mimi ni mtu wa nyumbani. Lodwar yenyewe siijui yote. Ng'ambo ya mto napeleka salamu tu. Kwa hiyo dada yangu mkubwa, mwenye hoteli ya chai Kakuma, aliponiita nikamsalimie, nilijua salamu hiyo ina mkia. Alitaka nihamie kwake nimsaidie kukanda chapati.

"Kidato cha nne umemaliza, na bado umekaa kama mtungi," alisema.

Nilikataa. Naye akakataa kukataliwa. Mwishowe jirani yake, muuza nguo kutoka Sudan Kusini, aliyetufundisha poka wiki ile niliyokaa Kakuma, mchana jua likishafukuza wateja, akasema tuamue kwa karata. Nikishindwa, nahamia Kakuma. Nikishinda, sitaguswa tena.

Tulicheza kwa kokwa za mkoma badala ya pesa. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tatu zinafunuliwa katikati kwa wote, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila zikifunuliwa unaweka dau; asiyefuata anaweka karata chini, ameshindwa, na wakibaki wawili, mwenye karata tano bora hushinda. Jirani alinionya kwamba mjinga hutazama karata zake tu. Zile tatu zikifunuliwa, jiulize zimempa nini mwenzako.

Mimi nilikuwa nikimtazama mwenzangu wiki nzima. Kwetu kuomba si aibu, hufuata salamu: "Ejok, nipe tumbaku." Mwenye kitu ndiye hunyamaza, asije akaombwa. Basi nikagundua dada akishika karata nzuri hafungui mdomo. Akishika takataka, anaomba mpaka kofia ya mtu.

Ikafika raundi ya kuamua. Nilikuwa na kingi na saba. Zikafunuliwa kingi, tisa na nane, mbili kati yake za kopa. Jozi ya kingi ni nzuri, lakini meza ilikuwa na miiba: mwenye kopa mbili mkononi alihitaji moja tu zitimie tano, na mwenye jeki na kumi alikuwa karibu kupanga mstari wa tano zinazofuatana, na yote mawili hushinda jozi. Mtu wa kungoja hivyo hangojeshwi bure, analipishwa. Nikasukuma kokwa nyingi. Dada akafuata. Ikaja mbili ya maua, haikumfaa mtu. Nikasukuma tena, akafuata tena.

Ya mwisho ikawa tatu ya kopa. Dada akasukuma kokwa zake zote.

Moyo wangu ukaanza kufunga mizigo ya kuhamia Kakuma.

"Weka karata chini, mdogo wangu. Unga unakungoja."

Nikazishikilia karata zangu.

"Basi nipe hivyo viatu, huku utavaa ndala. Na hiyo saa. Na mkanda, nipe mkanda."

"Dada, mwachie hata suruali!" jirani akacheka.

Nikawaza: mwenye kopa tano anataka mkanda wangu wa nini? Nikasukuma zangu zote.

"Onyesha."

Jeki na kumi. Alikuwa akingoja kwini au saba, hazikuja, akaona ile kopa ya mwisho itanitisha. Jozi yangu ikatosha.

Alizitazama karata, akanitazama mimi, akarudia karata.

"Kingi na saba? Umenifuata mpaka mwisho na kingi na saba?"

"Ndiyo."

"Wewe ambaye hata kuvuka barabara unaogopa!"

"Barabara ina malori, dada. Wewe ulikuwa na jeki na kumi."

Nilidhani atanikasirikia. Badala yake akatoka mbele ya hoteli akapaza sauti: "Njooni mwone mtoto wa mama yangu!" Shuleni sikuwahi kuitwa mbele ila kwa kuchelewa. Siku hiyo nilisimama kama fahali mpendwa wa boma aliyefungwa kengele shingoni, nikingoja watu wanitazame vizuri, na waliokuja kwa chai tu nikawaeleza mchezo wote, kuanzia zile tatu za kwanza.

Kesho yake dada mwenyewe akanitafutia kiti cha mbele kwenye gari la Lodwar. Akamwambia dereva aniangalie njiani, maana nina kazi muhimu nyumbani.

"Kazi gani?" dereva akauliza.

"Kukaa," dada akajibu, na alilitamka neno hilo kwa heshima kabisa.