Bangili ya Warda

Abasi, mkamua mawese wa Rumonge, alikuwa mwongo, tusifichane. Uongo wake mwingi ulikuwa mdogo mdogo, wa kuchangamsha kahawa, na ukimkamata anacheka pamoja na wewe. Mmoja tu ulikuwa mkubwa, na huo alikuwa amemvisha mkewe mkononi.

Ilikuwa hivi. Miaka thelathini na mmoja iliyopita alipomposa Warda, baba wa binti alitaka mahari iwe kitu cha maana. Abasi kitu hakuwa nacho, cha maana wala cha hovyo. Akaokota kipande cha bomba la maji, lile nene la plastiki nyeupe, akakata duara, akalipiga msasa siku tatu, akalilaza kwenye mawese wiki nzima mpaka likapata umanjano wa vitu vya kale. Akalipeleka ukweni limefungwa kitambaa. "Pembe ya ndovu," akasema. "Ya bibi yangu mzaa baba." Mzee akakohoa kwa heshima, ndoa ikafungwa.

Tangu hapo Warda hakuivua bangili hiyo. Harusini ulikuwa unaingia kwanza mkono wenye bangili, halafu ndipo anaingia mwenyewe.

Mwaka huu redio ikaanza kusema. Mataifa yamekubaliana biashara ya pembe za ndovu ife kabisa. Aliye nayo ailete ofisi ya komini kwa hiari, hataulizwa neno, zote zitachomwa moto asipatikane wa kuuza wala wa kununua. Wakaeleza na jinsi ndovu jike anavyouawa, mtoto wake amesimama pembeni. Warda alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Akaacha, akalia.

"Baba Nasiri, kesho tunaipeleka."

Abasi akaogopa. Mkewe alikuwa anasamehe njaa, anasamehe paa linalovuja, lakini kudanganywa hasamehe. Hata dada yake mwenyewe, Warda alimnunia miaka miwili kwa sababu ya pilau iliyosemwa ina nyama.

"Mama Nasiri, huyo ndovu alishakufa. Hatafufuka."

"Najua."

"Tena alikufa kwa uzee. Alikuwa mzee sana."

"Bibi yako alikuwa anamfahamu?"

"Kwa mbali," akasema Abasi.

Kesho yake wakapanga mstari komini. Mezani alikaa Chanceline, mtaalamu wa wanyama kutoka Bujumbura, na mbele yake taa ndogo ya mafuta na sindano. Alikuwa anapima kila kitu kabla ya kukipokea, kwa sababu, alisema, pembe ya kweli ukiigusa na sindano ya moto haiyeyuki, na yeye hakutumwa kuchoma takataka. Abasi aliposikia hivyo akadai anaumwa kichwa, kisha mgongo, kisha vyote. Warda akamshika mkono.

Sindano ikazama kwenye bangili kama kwenye sabuni. Moshi mweusi ukapanda, na mtu wa nyuma akauliza nani anaunguza jerikani.

"Mama, hii ni bomba," akasema Chanceline kwa upole, akamrudishia. "Murakoze, asante sana. Hapa hakuna ndovu aliyekufa."

Warda akamgeukia mumewe.

"Bibi alinidanganya," akasema Abasi. Kisha akaona aibu, maana marehemu hakuwa na kosa. "Hapana. Nilikata mwenyewe. Siku tatu nilipiga msasa."

"Basi mimi mahari yangu sijapewa," akasema Warda. "Na mwanamke asiyetolewa mahari anakaa kwao." Akaenda zake kwa kaka yake Hakimu, aliyerithi nyumba ya baba yao.

Siku tisa Abasi alikula muhogo wa baridi na kuunguza mawese. Wateja wakawa wanamuuliza kama sabuni yake ya mawese nayo ni ya pembe. Siku ya kumi akavaa kanzu, akaenda kuposa upya, na mvi zake zote, akivuta mbuzi.

Hakimu akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake. "Umeleta nini?"

"Mbuzi."

"Wa kweli?"

"Wa kweli, shemeji."

Hakimu akaagiza sindano, akaitia kwenye makaa ya jiko. Mbuzi akaitazama ile sindano inavyokuwa nyekundu, akakata kamba, akaruka jiko na kiti na Hakimu mwenyewe, akatokomea upande wa ziwani.

"Wa kweli," akasema Hakimu kutoka sakafuni.

Abasi alibaki na kipande cha kamba mkononi. "Niliogopa watakuoza kwa mwingine," akasema kuelekea pazia la chumbani. "Sikuwa na kitu. Nilikuwa na wewe tu kichwani."

Pazia likafunguka. Warda alikuwa ameivaa bangili, na tundu lake la sindano.

"Mbona hujaitupa?" Abasi akauliza.

"Hakuna aliyenipa siku zake tatu zaidi yako. Na hakuna mtoto wa ndovu aliyefiwa." Akaisogeza vizuri mkononi. "Haya, nenda ukamkamate mbuzi wangu."