Sikio la Fundi Vigae kwenye Maonyesho ya Sakafu

Mafundi wenzake walimwita Daktari, kwa sababu hakukabidhi sakafu bila kuipima kifua. Akimaliza kupanga vigae, alipiga magoti, akageuza nyundo yake ya mpira na kugonga kila kigae kwa mpini huku akisikiliza. Kigae kilichoshika saruji vizuri hujibu kwa sauti nzito, fupi. Chenye utupu chini yake hulia kama kopo, na hicho aliking'oa hata kama mwenye nyumba ameshaingiza kabati. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto, akajenga, akaota magoti magumu kuliko visigino. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na sikio.

Sasa sikio lilikuwa limeanza kuaga. Miaka yote alikata vigae kwa grainda bila kuziba masikio, maana kuziba ni mambo ya waoga. Mkewe akimwita kutoka jikoni, haitiki. Bahati nzuri, katika ndoa ya muda mrefu uziwi na mazoea havitofautiani sana, kwa hiyo mama wa watu alinung'unika tu bila kushtuka. Aliyeshtuka ni yeye mwenyewe, siku alipogonga bafu zima la mteja na vigae vyote vikajibu kwa sauti moja, vizima kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani.

Hakumwambia mtu. Mkandarasi aliyezoea kumpa kazi ndiye hasa hakutakiwa kujua, kwa kuwa alikuwa karibu kumpa kazi ya jengo zima la ghorofa. Asubuhi moja akampigia simu.

"Daktari, vaa shati la maana. Kuna maonyesho ya sakafu, nataka unisaidie kuchagua."

Ukumbini watu walitembea wakitazama chini, utadhani wote wamepoteza pete. Kulikuwa na vigae vikubwa kama milango na vyembamba kama biskuti. Kulikuwa na bango lililoahidi sakafu inayokuelewa. Lakini umati ulikuwa kwenye mbao za plastiki, zilizochorwa mistari ya mti, vifundo vya mti, na hata mikwaruzo, kwa wale wasio na nafasi ya kukwaruza ya kwao.

"Haitaki saruji, haitaki gundi, haina vumbi," alisema binti wa banda.

Haitaki fundi, Daktari alimalizia moyoni.

Akainama akagonga kwa kifundo cha kidole. Kopo. Akagonga pembeni. Kopo tena, wazi kabisa! Sikio lilikuwa hai. Kwa furaha akasahau alipo.

"Bosi, hii mbovu! Yote ina utupu! Itapasuka kabla wapangaji hawajatua mizigo!"

Watu wakageuka. Binti akamtazama kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko tusi.

"Mzee wangu, hii haishiki chini. Inakaa juu ya sponji, imeachiwa tu. Lazima ilie hivyo."

"Daktari!" mkandarasi akaangua kicheko. "Umemzika mgonjwa mzima!"

Banda zima likacheka. Mkandarasi alipomaliza, akairukia ile sakafu mara kadhaa kwa viatu vyake vizito, akaikagua, akaridhika.

"Jengo lote naweka hii. Utaweza, au nitafute vijana?"

Neno *vijana* alilitamka taratibu, kama mganga anavyotamka *uvimbe*.

"Nitaweza, bosi."

"Basi tuone."

Binti akamkabidhi ubao. "Ingiza kwa mshazari, mzee, laza, sukuma. Utasikia kamlio kadogo, tak. Ukikasikia, imeshika. Usipokasikia usiendelee, maana mmoja ukiachia, zote zinafuata."

Daktari akapiga magoti. Akaingiza, akalaza, akasukuma. Akasubiri. Alichosikia ni vipaza sauti vya mabanda ya jirani, na chini yake ule mvumo wa grainda ambao siku hizi hauzimiki hata grainda ikizimwa. Akasukuma tena, jasho likimtoka mgongoni. Kimya. Akapitisha kidole kwenye maungio, lakini ngozi ya kidole chake ilikuwa nene mno kusema lolote. Akamtafuta binti kwa macho. Alikuwa amemgeukia mteja mwingine. Aliyebaki anamtazama ni mkandarasi, na midomo yake ilikuwa inatembea.

"Nasema, imeshika?"

"Imeshika, bosi."

Mkandarasi akampigapiga begani. "Jengo lako hilo. Jumatatu uanze."

Daktari akashukuru. Kisha, kwa sababu mkandarasi bado alikuwa anamtazama, akachukua ubao mwingine, akauingiza karibu na ule wa kwanza, akasukuma kwa nguvu zake zote, na kuomba asiulizwe tena.