Kidole Kwenye Kioo

Kitindamimba wetu hupenda sinema za wezi wa kompyuta, zile ambazo DJ huzitafsiri kwa Kiswahili huku risasi zikilia nyuma ya sauti yake. Hapa mtaani Umoja tulizitazama pamoja: yeye, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye sasa ni marehemu. Katika sinema hizo hakuna kufuli isiyofunguka. Mtu anapigapiga vibonye, maandishi ya kijani yanateremka, kisha anasema, "Nimeingia!"

Marehemu alikuwa akicheka. "Kompyuta yetu ya ofisini ikikwama tunaizima tu, tunaiwasha."

Alipolazwa aliniambia amemrekodia binti yake maneno ya kusikiliza akikua. "Yako kwa simu, dada. Kesho nitakupa namba ya siri."

Kesho hiyo hakuiona.

Siku ya kumvalisha, kabla ya safari ya kumpeleka nyumbani magharibi, wanawake tuliingia mochari, wanaume wakabaki nje. Kitindamimba aliniita mlangoni, akanitia simu ya marehemu mkononi.

"Kidole chake ndicho huifungua. Si unakumbuka ile sinema? Jamaa alikuwa ashakufa, na ikafunguka."

"Ile ilikuwa sinema."

"Jaribu tu, dada. Ni ya mtoto."

Nilirudi ndani. Shangazi, aliyekuwa akimfunga kitambaa kichwani, aliniona nikiushika ule mkono.

"Hata hapa mnamtuma kazi?"

Kidole kilikuwa baridi kuliko kioo. Nilikikandamiza, na kitu kikatetemeka katikati ya viganja vyetu. Nilidhani ni yeye. Ilikuwa simu, ikikataa. Nilifuta kidole kwa kanga yangu, nikajaribu tena. Ikatetemeka tena, kisha ikaomba namba ya siri.

Baada ya mazishi niliipeleka simu kwa fundi karibu na stesheni yetu, aifungue bila namba. Aliigeuza, akanirudishia.

"Mathe, hizo ni za sinema za DJ. Nikiilazimisha hii, kila kitu kinafutika."

Kwa hiyo tukabahatisha: mwaka aliozaliwa, mwaka wa mtoto, namba ya nyumba. Katika sinema saa nyekundu huhesabu na king'ora hulia. Hii haikulia. Kila tulipokosea ilitusubirisha zaidi, hadi ikaandika kwa herufi ndogo kwamba limebaki jaribio moja, kisha itajifuta yenyewe.

Hapo nikamwambia kitindamimba basi.

Mimi huiweka simu juu ya kabati la vyombo, nikiichaji, ingawa sijui ninaiwekea nini. Mtoto, ambaye sasa ninamlea mimi, anajua sauti ya mama yake imo mle. Nilimwambia mwenyewe, nikidhani namfariji. Sasa ameanza shule, na mwalimu anamsifu kwa namba.

Juzi nilitoka kuanua nguo. Niliporudi nilikuta kiti kimesogezwa hadi kwenye kabati.

"Mama mkubwa," akaniambia, akiwa bado amesimama juu ya kiti, simu mkononi, "mimi naijua namba ya mama."