Maboya Yangu ya Kitambaa Chekundu

Kwetu Mbita, kando ya ziwa, mwanamke anaweza kumiliki mtumbwi na wavu, lakini hapandi mtumbwi wa kuvulia. Ndiyo desturi, na sikuwahi kugombana nayo. Tangu mume wangu afariki nimekuwa na mtumbwi mmoja, wavu mmoja mrefu na vijana wawili wa kuvua. Jioni wanautega, alfajiri wanautoa, nami nawangoja ufukweni na beseni langu. Wavu huo ndio karo ya binti yangu na ndio ugali wetu.

Maboya yangu yalikuwa chupa tupu za maji, kama ya wavuvi wengi wa hapa. Nilikuwa naziokota nyuma ya hoteli iliyo karibu na ufuko wetu, ambako watalii walimaliza maji katoni kwa katoni. Kila chupa niliifunga kitambaa chekundu shingoni ili mtu asijifanye ni yake. Hata hivyo zilikuwa zinapotea, na kila zilipopotea nilimjua mwizi: mke wa shemeji yangu, ambaye boma lake linapakana na langu na ambaye pia ana wavu. Sikumuuliza kitu. Niliacha tu kumsalimia, tukawa tunapishana njiani kama abiria wasiojuana.

Asubuhi moja mwaka jana vijana wangu walirudi mikono mitupu.

"Mama, boya hakuna hata moja," mmoja wao aliniambia. "Net imezama."

Nilikuwa nimeshashika njia ya kwenda kwa huyo jirani, na safari hii sikukusudia kunyamaza, kijana yule aliponiita na kunionyesha ufuko wa hoteli. Palikuwa na rundo la chupa, na juu yake vitambaa vyangu vyekundu. Kando yake wanafunzi waliovaa glavu walikuwa wakipigana picha.

Walikuwa wa chuo cha utalii, wamekuja hotelini kujifunza kazi. Wao ndio walioishawishi hoteli iache maji ya chupa na kuweka majagi ya glasi vyumbani. Sasa walikuwa wanasafisha ziwa. Alfajiri hiyo walichukua vijimashua vya wageni kuchezea, wakaingia majini na kukata kila chupa waliyoiona ikielea. Wengi wao walikulia kwenye mashamba ya mahindi na tumbaku huko juu Migori. Chupa inayoelea, kwao, ni takataka.

Niliyowaambia siyaandiki hapa. Msichana aliyekuwa kiongozi wao alivua glavu, akainama.

"Pole sana, mama. Tulifikiria ni uchafu. Tutatafuta hiyo net mpaka ipatikane."

"Mtatafuta na nini? Na simu?"

Meneja wa hoteli aliona wageni wanaanza kutoka na vikombe vyao vya chai, akatoa haraka boti ya kutembezea watalii. Boti hiyo si ya kuvulia, kwa hiyo desturi haikuwa na neno nami. Nikavishwa jaketi la kuokolea maisha, nikaketi katikati ya wanafunzi, na kwa mara ya kwanza nikapaona mahali wavu wangu unapotegwa.

Vijana wangu walitangulia na mtumbwi, wakiburuta kulabu ya chuma chini ya maji. Sisi tukafuata. Waliburuta wakienda, wakaburuta wakirudi, na jua likapanda. Mimi niliogopa, kwa sababu sikuwa na uwezo wa kununua wavu mwingine mwaka ule, na binti yangu alikuwa amebakisha muhula wa mwisho wa shule. Nilimwomba Mungu na papo hapo nikawalaani wale watoto, yote kimoyomoyo.

Mwishowe kulabu ikanasa. Boti yetu ikasogea kando ya mtumbwi, wanafunzi wakashika kamba yake pamoja na vijana wangu, wakavuta. Wavu ulipanda polepole na tope lake, ukiwa na samaki wachache aina ya ngege, na katikati ya ngege kulikuwa na chupa. Zilikuwa kuukuu, zimepasuka kwa jua na kujaa maji. Msichana yule alisuuza moja ziwani. Tope lilipotoka, kitambaa kilichokuwa shingoni kikaonekana chekundu. Akasuuza nyingine. Na nyingine.

"Hizi pia ni zako, mama?"

"Ni zangu."

"Tuzifunge tena kwa net?"

"Hapana. Zipeleke kwa rundo lenu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniibia. Chupa zilikuwa zinapasuka, zinajaa maji, zinakatika kwenye wavu na kuzama palepale, miaka yote ambayo mimi nilikaa ufukweni nikimhukumu mtu. Siku zilizofuata wanafunzi waliokota ndala mbovu ufukweni, wakazikata kuwa maboya, na hayo ndiyo ninayotumia mpaka leo.

Lakini mchana uleule nilichukua chupa moja nikaenda kwa jirani. Nilimkuta anaanika dagaa wa omena uani. Aliitazama chupa, akanitazama mimi.

"Nyieka," alisema, maana ndivyo wake wa ndugu tunavyoitana, "umeniletea chupa ama umekuja kunisalimia?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi nisalimie."

Nilimpa mkono. Nikamwita nyieka, nikamsalimia.